Ute wa Konokono na Mguu wa Shangazi

Machi 9

Mvua imeanza na konokono wametoka. Mimi ningeshukuru kama wangebaki huko walikokuwa, lakini bila wao sina kazi.

Leo nimewakamua tangu asubuhi. Unamshika konokono mkubwa kama ngumi, unamgeuza, unamsugua tumbo kwa kijiti cha kioo, naye kwa hasira anakutolea ute. Ute haukatiki. Unakifuata kijiti, unarefuka, unaning'inia kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Glovu hazisaidii kitu, ubaridi unapenya. Nimerudi nyumbani nimeosha mikono mpaka viganja vimekunjamana, na bado niliposhika kijiko nilihisi kinateleza.

Mwenzangu wa maabara tunamwita Mchuzi, kwa sababu koti lake jeupe halijawahi kukosa doa la mchuzi. Yeye anakamua huku anatafuna karanga, kwa mkono uleule. Nimemwambia, "Kaka, wewe ni kinyaa kinachotembea." Akacheka, karanga zote nikaziona. "Dada, kisichoua hunenepesha."

Machi 10

Mvua. Ute. Mchana sikula.

Machi 13

Shangazi ameniuliza hasa nafanya nini huko. Nimemweleza hivi.

Ute wa konokono umejaa protini za kila namna. Baadhi yake zimevaa vinyororo vya sukari. Bosi wetu anaamini kwamba mojawapo kati ya hizo ndiyo inayoponya ngozi ya konokono anapochubuliwa na mawe, na anaitaka hiyo, peke yake. Kuitenga si mchezo. Ila maharage mekundu yana protini iitwayo lektini, ambayo ikikutana na sukari za aina hiyo inang'ang'ania kama mbegu za kishona nguo kwenye pindo la suruali. Basi tunatoa lektini kwenye maharage mabichi, tunaifunga kwenye vishanga vidogo mno, kama chumvi laini, tunavijaza kwenye mrija wa kioo na kumimina ute juu yake. Protini zenye sukari zinashikwa, zisizo na sukari zinapita zikaenda zao. Kisha tunamimina maji makali kama ndimu, mshiko unalegea, na kilichokuwa kimeshikwa kinadondoka chini kikiwa safi.

Shangazi alisikiliza, mguu wake kaulaza juu ya kigoda. "Sasa hao konokono wenu wanaponya na vidonda vya watu?"

"Bado hatujui, Shangazi."

"Basi jueni upesi."

Ana ugonjwa wa sukari. Kidonda kiko ubavuni mwa mguu, chini ya kidole cha mwisho, na tangu mwaka jana hakijafunga. Kliniki wamesema mvua zikiisha bila nafuu, mguu utakatwa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba yangu, kaka yake, kufariki, na mguu huo ndio uliokuwa ukinipeleka shule. Anayemfunga bandeji ni jirani wa mlango wa pili. Mimi nilijaribu mara moja nikakimbilia nje kutapika. Tangu hapo jirani anafanya, nasi hatulizungumzii jambo hilo.

Nimekula mlangoni, penye hewa.

Machi 14

Kitu kimoja tu katika maabara ile hakinitii kichefuchefu, nacho ni bosi mwenyewe. Kwa pembeni tunamwita Bi Msafi. Koti lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata nyanya. Kucha fupi, nywele zimebanwa, na kila akishika mlango anapaka mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja. Akipita, harufu ya sabuni inabaki nyuma yake na mimi naivuta kwa nguvu. Angekuwa ndugu yangu ningejisifu.

Machi 18

Siku mbili za maharage. Tumeyaloweka, tumeyasaga yakiwa mabichi, yakatoa maziwa ya rangi ya waridi yenye povu lisilotulia. Tukayatia chumvi ya amonia ili protini itengane na maji na kushuka chini. Matope yaliyoshuka tunayafunga ndani ya mfuko mwembamba tunaouita utumbo, na kweli ni kama utumbo, unalowekwa kwenye maji ili chumvi itoke. Maji hayo yanapaswa kubadilishwa tena na tena.

Bi Msafi akaja na haraka zake. "Mmeshabadilisha mara moja? Inatosha. Vishanga vimekaa tayari, vitaharibika."

Nikasema, "Daktari, chumvi bado ipo."

"Itatoka mbele ya safari."

Basi tukachanganya na vishanga kwenye maji yenye magadi. Mara ikafumuka harufu ya choo cha stendi, kali, mpaka machozi yakanitoka. Mchuzi peke yake ndiye aliyeinusa kwa utulivu, kama mtu anayeonja chai. "Hiyo si harufu ya maharage," akasema. Nikamwambia afunge mdomo kwanza, una vipande vya mkate.

Machi 19

Harufu ile imenifuata mpaka kitandani.

Machi 27

Tumepata! Tulimimina ute, tukaosha mrija, tukamimina maji makali, na kilichodondoka tukakipitisha kwenye jeli. Jeli ni kama kipande cha ute mwingine, lakini huu angalau ni wa kiwandani. Protini zinatembea ndani yake na kila moja inasimama kulingana na ukubwa wake. Ilipoingia rangi ukajitokeza mstari mmoja, wa buluu, mnene, umenyooka. Mmoja tu.

Nilikuwa nimepanga kuweka na safu ya maharage pembeni, lektini tupu, kwa kulinganisha. Asubuhi Bi Msafi aliifuta kwenye mpango. "Nafasi ni chache," alisema. Haidhuru. Tumepiga makofi. Mchuzi alitaka kunikumbatia, nikampa kiwiko.

Aprili 3

Mvua kubwa. Bi Msafi amenipa lifti hadi nyumbani, kisha akaomba kuingia kumsalimu Shangazi. Nilitaka ardhi ipasuke, maana bandeji ilikuwa haijabadilishwa na nyumba inanuka. Yeye hakushika pua. Alivua viatu, akasalimia kwa adabu, akachuchumaa akautazama mguu kwa karibu kuliko nilivyowahi kuutazama mimi.

"Mama, tumepata kitu maabara," akasema. "Ukikubali, tutakujaribia wewe wa kwanza."

Shangazi akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, hata leo."

"Bado kidogo. Ngoja kwanza nipige picha." Akapiga nyingi, za mbali na za karibu.

Alipoondoka Shangazi alikuwa anacheka peke yake. Mimi nilifurahi na nikaona aibu: mtu wa nje, msafi vile, anachuchumaa mbele ya kidonda ambacho mimi nakikwepa. Nimekula mlangoni.

Aprili 5

Mvua haijakata. Ukungu umeota hadi kwenye mikanda ya viatu.

Aprili 8

Ute. Mchuzi amepiga chafya juu ya ndoo. Anasema alikunja kiwiko. Hakukunja.

Aprili 16

Mvua ilipumzika siku chache, jua likawaka, na pipa la konokono lilisahauliwa dirishani. Nilifungua mfuniko. Sitaandika yote. Walikuwa wameyeyuka. Funza walikuwa na sherehe zao. Uvundo ulinipiga nikakaa chini palepale, kwenye sakafu, mimi ambaye siwezi kukaa hata kwenye benchi la maabara bila kulifuta.

Zamu ya kuwatazama ilikuwa ya Mchuzi. Nilimtukana matusi ambayo Shangazi angenilambisha pilipili kwa kuyasema. Akasikiliza mpaka mwisho, akabeba pipa kwenda kulimwaga, akarudi akanawa (akanawa!), kisha akaniletea maji ya kunywa. Sikuyanywa. Ningejuaje kikombe kimetoka wapi.

Ute uliobaki ni chupa moja tu kwenye friji. Bi Msafi ameagiza Mchuzi aupitishe kesho, ili dawa ya Shangazi na ya wageni watakaokuja kuikagua maabara ipatikane yote kwa mkupuo.

Aprili 18

Mchuzi ameitoa. Mstari uleule, mnene vilevile. Bi Msafi amempigapiga begani, halafu akapaka mafuta mikononi.

Aprili 21

Nimeitafuta chupa ya ute iliyotumika niioshe, nikaikuta kwenye friji imejaa hadi shingoni.

Nikamwita Mchuzi. "Hii ni nini?"

Akajikuna kichwa, akaangalia juu, akaangalia chini. "Dada, nitakwambia lakini usipige kelele. Siku ile niliosha mrija, simu ikalia, ilikuwa ni mama mkwe. Niliporudi nikamimina maji makali. Ute sikuumimina. Nimekumbuka usiku nikiwa nimeshalala."

"Na mstari ulitoka wapi?"

"Hapo ndipo na mimi nisipopaelewa. Nimekaa siku tatu nikitafuta namna ya kukwambia."

Nilianza kumtukana, na katikati ya tusi nikanyamaza. Mrija haukuwa na kitu cha kushika. Ndani yake kulikuwa na vishanga na lektini ya maharage, basi. Kilichodondoka kilikuwa kilekile tulichokipigia makofi.

Halafu ikanirudia harufu ya choo cha stendi. Ile ilikuwa amonia, chumvi ambayo hatukuitoa kwenye utumbo. Vishanga vina kulabu za kuifungia lektini, na amonia hupenda kulabu hizohizo. Iliwahi kuzikalia. Lektini ikabaki imeegemea tu, kama mgeni aliyekosa kiti, na kila tukimimina maji makali sehemu yake inabanduka na kushuka. Tumekuwa tukikamua maharage msimu mzima huku tukiwatesa konokono bure.

Mchuzi akaachama, kisha akasema taratibu, "Na hiyo ndiyo anayotaka kumpaka Shangazi yako?"

Sikuwa nimefika huko. Yeye alikuwa ameshafika.

Aprili 22

Nimejichoma kidole. Nimeweka matone ya damu kwenye kigae cheupe. Tone la kwanza nimelitia maji ya chumvi ya kawaida: likabaki laini. La pili ute mbichi: laini. La tatu maji ya maharage mabichi: damu ikaanza kuganda vipandevipande, punje nyekundu zikielea kwenye maji, kama maziwa yaliyokatika. Chembe za damu nazo zimevaa sukari, na lektini inazikamata na kuzishikanisha. La nne nimelitia "dawa" yetu. Punje zilezile, upesi zaidi.

Mchuzi alikuwa ameacha kutafuna. Ndiyo mara ya kwanza namwona hivyo.

Aprili 23

Nimeingia ofisini kwa Bi Msafi. Kunanukia sabuni kama kawaida. Nikasema yote kwa mkupuo kabla sijaogopa: mstari si wa konokono, ni wa maharage, lektini inabanduka, inagandisha damu.

Hakushtuka. Alimaliza kidole cha mwisho cha mafuta yake.

"Unadhani ile safu ya maharage niliifuta kwa sababu gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa hiyo ulijua, Daktari?"

"Nilihisi. Asiyepima hajui, na mimi sikupima. Wageni wanakuja wiki ijayo. Wakituletea vifaa, tutairudia kazi kwa utaratibu. Wewe mwenyewe jina lako litakuwepo."

"Na Shangazi?"

"Tutampaka pamoja na dawa ya kawaida ya hospitali. Kidonda kitapata nafuu, tutapiga picha ya pili. Nani atauliza kipi kimeponya?"

"Kikizidi je?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Si kimeshaoza?"

Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwamvuli. Nilitaka kuoshwa. Msimu mzima nimekuwa nikiivuta harufu ya sabuni ya mwanamke huyu kama tiba, na leo ndiyo iliyonitapisha. Kweli nimetapika, kwenye mfereji, mbele ya mlinzi. Konokono hajawahi kunifanya hivyo. Konokono ana ute nje tu.

Aprili 24

Asubuhi nilimwambia Shangazi dawa haifai. Akanijibu, "Wewe kila kitu kwako hakifai," akageukia ukuta. Anajua nilivyo na kinyaa, akadhani ni yaleyale. Nilichelewa kazini, nikaahirisha maelezo hadi jioni. Kosa langu.

Mchana Mchuzi alinijia mbio. "Dada, bosi ametoka na kibegi cha baridi. Chupa haipo kwenye friji."

Sijui nilivyofika. Mlangoni nilikuta mwamvuli wake umekunjwa vizuri na viatu vimepangwa sambamba. Ndani, Bi Msafi alikuwa amechuchumaa, glovu mpya mikononi, bandeji imeshafunguliwa, pamba imeshachovywa. Jirani amesimama na beseni. Shangazi amefumba macho na anatabasamu.

"Usimguse!"

"Umechelewa kazini na umechelewa nyumbani," akasema Bi Msafi bila kugeuka. "Mama mwenyewe ameridhia."

"Nimeridhia," akasema Shangazi. "Wewe kaa mlangoni kwako."

Hilo lilinichoma, lakini sikuwa na nafasi ya kulihisi. Nilivuta sahani nyeupe kabatini, nikachomoa pini kwenye pazia, nikajidunga kidole nikakikamua. Matone mawili. Jirani akaguna. Kwenye moja nikatia maji ya chumvi ya kwenye beseni. Halafu nikaichukua chupa pale sakafuni, na Bi Msafi akanishika mkono. Glovu yake ilikuwa na unyevu wa kidonda na sikujali. Nikaung'oa mkono wangu, nikadondosha dawa kwenye tone la pili, nikaizungusha sahani, nikampelekea Shangazi puani.

"Tazama, Shangazi. Hii ni damu yangu, na hii pia ni damu yangu."

Akatazama. Upande mmoja damu ilikuwa damu. Upande wa pili ilikuwa inajikusanya punjepunje, ikiacha maji.

"Hiyo imekuwaje?"

"Hiyo ni dawa ya konokono. Haina konokono. Ni maharage mabichi. Na yeye alijua."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Shangazi akamgeukia Bi Msafi. "Mwanangu, ni kweli?"

Bi Msafi alikuwa anavua glovu, kidole kimoja kimoja. "Mama, mambo ya kitaalamu hayaelezwi kwa sahani."

"Sijakuuliza sahani. Nimekuuliza kweli au si kweli."

Bi Msafi akafunga kibegi.

Shangazi akauvuta mguu wake kwa mikono miwili, akauficha chini ya khanga. "Yaani mimi nachemsha maharage mpaka mkaa unaniishia ili mtu asiumwe tumbo, wewe unakuja kunipaka mabichi kwenye kidonda? Toka. Na hizo picha za mguu wangu uzifute, mguu wangu si kalenda."

Ametoka. Viatu amevivalia nje, amevifuta kwanza. Glovu zake ameziacha sakafuni.

Jirani alipokwenda kumwaga maji, Shangazi aliniuliza, "Unajua kwa nini nilimkubalia yule?"

"Ili mguu usikatwe."

"Mguu ni wa Mungu. Nilitaka harufu iondoke." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Tangu mwaka jana unakula mlangoni. Nakuona mgongo tu."

Nimeokota glovu za yule mwanamke kwa ncha za vidole nikazitupa, nikaosha sahani mara mbili, na bado nimekaa naandika haya huku nimejichukia.

Aprili 25

Nimeambiwa nisirudi maabara. Sawa.

Aprili 30

Mchuzi amekuja na vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki, vyote vina mafuta. Wageni wamekuja jana. Bi Msafi alimwagiza aandae jeli ya kuwaonyesha, naye akairudisha ile safu ya maharage. Mistari miwili ikatokea sambamba, sawa kama mapacha. Mgeni mmoja akauliza hii ya pembeni ni nini, Mchuzi akajibu, "Maharage, mheshimiwa. Na hii ya katikati pia." Wageni wakaomba wabaki na Bi Msafi peke yao, mlango umefungwa. Mchuzi naye sasa hana kazi, kama mimi.

Nilimwandalia chai. Ameimwaga nusu kwenye kiti changu. Bado ananitia kinyaa, na nimemwambia aje tena Jumapili.

Mei 7

Mvua zinakatika. Kliniki wamemlaza Shangazi.

Mei 12

Wamekata kidole cha mwisho na nyama iliyokufa. Mguu umebaki. Muuguzi anasema nyama nyekundu imeanza kuota pembezoni, ila kidonda lazima kisafishwe kila siku, bila kukosa. "Nani atakayemsafisha?" Jirani akafungua mdomo. Nikamuwahi.

Mei 16

Jua. Hakuna konokono hata mmoja njiani.

Leo ni mara yangu ya kwanza peke yangu. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaacha yapoe. Nikachuchumaa. Bandeji ya mwisho ilikuwa imegandamana na kidonda, nikailowesha taratibu mpaka ikaachia yenyewe. Harufu ikapanda. Ni mbaya kuliko pipa lile la Aprili, nasema kweli. Nikageuza uso, nikameza mate, nikaurudisha.

"Kinanuka?" akauliza Shangazi.

"Kinanuka, Shangazi."

"Sana?"

"Sana. Kama choo cha stendi."

Akacheka mpaka mguu ukatikisika, nikamwambia atulie nimalize. Nimemaliza, nimenawa, nimepakua chakula. Nilisimama na sahani katikati ya chumba, miguu ikitaka kwenda mlangoni kwa mazoea. Akasogea kidogo kitandani, akapiga godoro kwa kiganja.

Nimekaa hapo. Sikula nyingi, lakini nimekula.